Niliandika "Usikate", Wakakata: Uzoefu Wangu wa Kusafishiwa Mkanda wa Picha

Kamera yangu hupiga picha mbili kwa mpigo, moja ya jicho la kushoto na moja ya jicho la kulia, ili jozi hiyo ikitazamwa pamoja ionyeshe kina; niliiunda hapa Kigoma kwa plaiwudi na lenzi mbili nilizozitoa kwenye kamera mbovu za aina moja. Vitovu vya lenzi vimeachana kwa milimita 65, karibu sawa na macho ya mtu, na katikati kuna kizuizi cheusi ili mwanga wa upande mmoja usivukie wa pili. Nilitaka kamera isiyochagua mkanda, kwa sababu huku unanunua uliopo. Inapokea ule mpana uitwao 120, unaohesabiwa kwa namba za karatasi ya mgongoni kupitia kidirisha chekundu. Na kwa vishikizo vya mbao nilivyovichonga inapokea pia ule wa milimita 35, ambao hauna karatasi hiyo, hivyo kidirisha hukiziba kwa utepe mweusi na kuhesabu mizunguko ya kitasa.

Mikanda miwili, mmoja wa kila aina, niliituma kwa basi hadi studio moja ya Dar es Salaam. Kwa kuwa kwenye ule wa milimita 35 jozi yangu moja ina urefu wa zaidi ya picha tatu za kawaida, nilibandika juu ya mkebe karatasi yenye neno moja kwa herufi kubwa: USIKATE.

Ule wa 120 ulirudi safi, bila mkwaruzo hata mmoja, na kwa hilo nawapongeza. Ule wa 35 ulirudi vipande, umekatwa kwa kipimo cha picha sita za kawaida, na karatasi yangu bado imebandikwa kwenye mkebe. Nilipopiga simu ili nielezwe sababu, kijana wa mapokezi alinijibu, "Mzee, si ungetumia simu tu?" Hakusema hata pole.

Nilianza kuandika haya nikikusudia kusema kwamba kwa mkanda wa 120 waendeeni bila wasiwasi. Lakini sasa nimekishika dirishani kipande chenye boti lililokuwa likiundwa Ujiji, mataruma yake yamesimama wazi kabla ya kupigiliwa mbao. Jicho la kushoto ni zima. La kulia limepasuliwa katikati, na mkasi umepita juu ya mkono wa fundi ulioshika tezo. Boti hilo limekwisha kushushwa ziwani. Msiwapelekee mkanda wowote, hata huo wa 120.