Mini PC isiyo na RAM wala SSD: nani anunue, nani aache

Ukiona mini PC, yaani kompyuta ndogo ya mezani, inauzwa chini sana kuliko nyingine zenye prosesa ileile, soma maelezo yake mpaka mstari wa mwisho. Mara nyingi utakuta neno barebones. Maana yake unauziwa kasha, ubao mama, prosesa iliyochomelewa humohumo, feni na adapta ya umeme. Kadi ya Wi-Fi kwa kawaida imo. RAM (kumbukumbu ya kazi) haimo, SSD (diski ya kuhifadhi) haimo, Windows haimo. Ukiichomeka kwenye skrini siku unayoipokea, hutaona chochote.

Mimi nitaiita kasha tupu. Nimeunganisha kadhaa, zangu na za ndugu waliokuja kuuliza, na nimefika mahali ambapo siulizi tena bei ya kasha kwanza. Nauliza droo yako ina nini. Ndiyo maana katika mpangilio wangu hapa chini kasha tupu limeshika namba moja, na kasha hilohilo limeshika mkia.

Chukua daftari kwanza

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ndipo watu wanapopotea. Chukulia mini PC kamili inauzwa 100, na kasha lake tupu 70. Zile 30 ndizo zinazotakiwa kununua RAM, SSD na, kama unatumia Windows, leseni yake. Vipuri vikizidi 30, umelipa zaidi na kazi ya kuunganisha umeifanya mwenyewe. Wengi hulinganisha 100 na 70, wakaishia hapo.

Kinachopindua hesabu siku hizi ni RAM. Kwa miaka kadhaa ilikuwa rahisi kiasi kwamba kununua kasha tupu na kujijazia mwenyewe kulionekana ni ujanja wa wazi. Mwishoni mwa 2025 bei zikaruka, kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde. Desemba mwaka huo Micron, kampuni inayotengeneza RAM, ilitangaza kuachana na Crucial, jina ambalo wengi wetu tulilinunua miaka nenda rudi kwa RAM na SSD za nyumbani. Kwa hiyo ushauri wa 2023 unaokuambia kasha tupu daima ni nafuu, uupime upya kwa bei za leo kabla hujalipa.

Namba 1: kasha tupu, kwa mwenye RAM na SSD mkononi

Una laptopu iliyovunjika skrini au kufa chaji? Fungua kava la chini uangalie. Mini PC nyingi hutumia RAM ya SO-DIMM, yaani ile fupi ya laptopu, na SSD ya M.2, ile nyembamba kama kijiti cha ubani wa kutafuna. Zikioana, umepata kompyuta nzima kwa bei ya kasha, na hakuna njia nyingine kwenye orodha hii inayokaribia hapo.

Neno ni hilo, zikioana. Mdogo wangu alinijia na kasha jipya pamoja na RAM mbili za GB 8 alizozitoa kwenye laptopu yake iliyokufa. Tuliinamisha ya kwanza kwenye sloti, ikagoma. Akataka kuikandamiza, nikamzuia mkono. Tukaisogeza chini ya taa na kutazama: ule mkato ulio katikati ya meno ya dhahabu ulikuwa umepishana kidogo tu na kijino cha ndani ya sloti. Laptopu ilikuwa ya DDR4, kasha lilitaka DDR5, vizazi viwili tofauti vya RAM. DDR4 ya laptopu ina pini 260 na DDR5 ina 262, na mkato umewekwa mahali tofauti makusudi ili usiweze kukosea. Angeikandamiza, angevunja sloti, na sloti ikivunjika ubao mama wote umekwenda. Kasha tulilirudisha ndani ya muda wa kurejesha, akachukua toleo la DDR4. Safari hii RAM zikaingia kwa kidole gumba, vibanio vya pembeni vikalia ta, ta.

SSD nayo ina mtego wake. M.2 ni umbo tu, haisemi ndani kuna nini. Kuna za SATA, ambazo mwisho wake ni kama MB 550 kwa sekunde, na kuna za NVMe, ambazo hata zile za kizazi cha zamani cha PCIe 3.0 hufika karibu MB 3500. Sloti nyingine zinapokea zote mbili, nyingine NVMe peke yake. Ukichomeka ya SATA humo inakaa vizuri, skrubu inaingia, halafu kompyuta haiioni kabisa. Pima na urefu pia. Iliyozoeleka ni 2280, yaani upana milimita 22 na urefu milimita 80, lakini makasha madogo zaidi hutaka 2242.

Kama una RAM mbili zinazofanana, ziweke zote mbili badala ya moja kubwa. Mini PC nyingi hazina kadi ya grafiki ya pekee, zinakopa RAM ya kompyuta, na njia mbili za RAM huzipa grafiki nafasi ya kupumua. Hili halihusu kasha lenye Intel N100, kwani prosesa hiyo ina njia moja tu ya RAM, na Intel yenyewe inaihesabia mwisho GB 16.

Jambo la mwisho hapa: ukinunua NUC, yaani mini PC zilizokuwa za Intel, kumbuka Intel iliacha kuwekeza kwenye mashine hizo 2023 na ASUS ikachukua. Msaada wa kizazi cha 10 hadi cha 13 utafute ASUS.

Namba 2: mini PC ya ofisini iliyotumika

Kwa asiye na kipuri chochote, hapa ndipo ninapompeleka kwanza. Kampuni kubwa hubadilisha kompyuta zao kwa mkupuo, na zile ndogo za ukubwa wa kama lita moja hurudi sokoni zikiwa na RAM, SSD na leseni ya Windows iliyohifadhiwa ndani ya ubao mama. Ukifuta na kusakinisha Windows ya toleo lilelile, inajiamilisha yenyewe ikishapata intaneti. Leseni hiyo peke yake ni kitu ambacho kasha tupu halikupi.

Zinazopatikana sana ni Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro na HP EliteDesk Mini. Usishuke chini ya kizazi cha 8 cha prosesa za Intel. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) pamoja na prosesa iliyo kwenye orodha yake, ambayo kwa Intel inaanzia hapo isipokuwa chache. ThinkCentre M720q, OptiPlex 3060 Micro na EliteDesk 800 G4 Mini zote zinavuka mstari huo. Uzuri mwingine ni kwamba zilitengenezwa ili fundi wa ofisi azifungue haraka: skrubu moja au mbili, kava linateleza, kila kitu kinaonekana.

Ulizia adapta kabla ya kulipa. Nyingi huuzwa bila adapta, na tundu la kampuni moja si la nyingine. Kisha muulize muuzaji kama nywila ya BIOS, programu inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows, imeondolewa. Ofisi huiweka, na ukikuta imefungwa huwezi hata kuchagua kuwasha kwa flashi.

Namba 3: mini PC mpya iliyokamilika

Unalipa zaidi, unapata waranti moja inayofunika kila kitu, na ikigoma kuwaka hakuna wa kukuambia tatizo ni RAM uliyoweka wewe. Kwa mzazi, kwa mtu wa dukani anayetaka kuchomeka na kuanza kuuza, ninaiona ni haki yake. Tazama tu kama RAM imechomelewa. Ukisoma LPDDR kwenye maelezo, kiasi unachonunua leo ndicho utakachokufa nacho. Mac mini ya M4 nayo ni hivyo, ingawa angalau inaanzia GB 16.

Mini PC za majina yasiyojulikana, hata zikiwa mpya, ninazifuta diski nzima na kusakinisha mfumo upya kabla sijaingiza nywila yoyote. Mwaka 2024 baadhi ziligundulika zimetoka kwa mtengenezaji zikiwa tayari na programu hasidi ndani.

Namba 4: kasha tupu, kwa asiye na kitu

Kununua kasha, RAM mpya, SSD mpya na leseni kwa pamoja ndiyo njia ninayoipendekeza kwa uchache zaidi. Hata hivyo kuna watu wawili ambao ningewaambia waendelee. Wa kwanza ni anayetaka seva ya nyumbani yenye GB 32 au 64. Zilizokamilika mara nyingi huja na GB 8 au 16, kwa hiyo angelipia RAM ya kung'oa siku ya kwanza. Wa pili ni anayetumia Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, na hataki kulipia Windows asiyoihitaji. Debian au Linux Mint vitaingia bure, na upande mmoja wa daftari utabaki mweupe.

Siku ya kuwasha

Hili ninalisema kwa kila anayenunua kasha la DDR5, maana limerudisha madukani mashine nyingi zisizo na kasoro yoyote. Mara ya kwanza unapoiwasha, ubao mama hujaribu na kupima RAM mpya, na kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa. Taa inawaka, feni inazunguka, skrini ni giza tupu, na wakati mwingine inajizima na kuwaka tena yenyewe. Usichomoe umeme. Weka saa, ipe dakika kumi, ukae mbali nayo. Ikipita hapo bado giza, chomoa umeme, acha RAM moja tu kwenye sloti ya kwanza, ujaribu tena. Isipowaka, badilisha RAM uweke ile nyingine. Ikigoma kwa zote mbili, na una uhakika zinaoana, hapo ndipo unapotafuta risiti.