Tathmini ya masafa ya mita 10 kwa mtumiaji wa Dodoma

Kwa mwenye leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuwasiliana kwa kujipendea na si kwa biashara, hapa Dodoma, masafa ya mita 10, yaani megahezi 28 hadi 29.7, ndiyo ninayoyapenda kuliko yote na ndiyo yanayonikera kuliko yote. Hayadai gharama kubwa: antena ya waya yenye urefu wa takribani mita 5, iliyofungwa kati ya mwarobaini na ukingo wa paa, inatosha, na hali ikikubali, wati chache tu zinakufikisha Ulaya kwa sauti safi, bila zile ngurumo zinazosumbua masafa ya chini wakati wa mvua.

Shida ni kwamba karibu kila kitu hutegemea jua. Madoa yake huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takribani miaka 11, na yanapokuwa machache, tabaka la juu la anga hushindwa kuyarudisha mawimbi haya duniani, hivyo redio huvuma tu kutwa nzima. Hata katika miaka mizuri, njia inaweza kujifunga kabla mwenzako hajamaliza kutaja ishara yake ya wito, yaani herufi na tarakimu za kumtambulisha hewani, jambo linalovunja moyo kweli.

Kipimo ninachokiamini ni megahezi 28.2, ambako vituo 18 vya majaribio, vinavyorusha milio ili wasikilizaji wajue kama njia iko wazi, kikiwemo 5Z4B cha Kenya, hupokezana kwa sekunde 10 kila kimoja, vikishusha nguvu kutoka wati 100 hadi 0.1. Ukiusikia hata mlio ule wa mwisho, anza kuita mara moja.

Mwenye subira ninampendekezea bila kusita; anayetaka uhakika kila jioni atafaidika zaidi na mita 20 au 40.