Matairi mapya ya bei nafuu kwa Coaster kuukuu lililogeuzwa nyumba: uzoefu wangu Malindi

Matairi haya yamekaa chini ya gari miezi kumi na minne, na yametembea kilomita 11,000 na ushei. Gari ni Toyota Coaster, basi dogo, la mwaka 1994 lililong'olewa viti na kuwekwa kitanda, jiko la gesi, friji ndogo na tangi la maji la lita 150. Saizi ni 7.00R16, plai 12 (kipimo cha uimara wa tairi), ya waya (yenye nyuzi za chuma ndani), kutoka China. Nilinunua saba Mombasa, sita ya kutembelea na moja la akiba, kwa Sh 15,500 kila moja pamoja na tubu na flapu, yaani mkanda wa mpira unaokaa kati ya tubu na rimu. Yanafaa, na nikihitaji mengine nitanunua hayo hayo. Ila jina la chapa silitaji, usije ukalikimbilia dukani, maana tairi jipya la chapa hiyo hiyo lililokaa stoo miaka minne ni mali nyingine kabisa.

Matairi ya gari la nyumba ni nadra kufa kwa kuisha meno. Hufa kwa kusimama. Ndani ya mpira kiwandani hutiwa nta na dawa za kuzuia nyufa, na vitu hivyo husukumwa juu ya ngozi ya tairi kila linapojikunja barabarani. Gari likisimama miezi mitatu uani, dawa haipandi, jua linachoma ubavu mmoja kila alasiri, na uzito wote unakaa mahali pamoja. Hapa Malindi jua halina msimu wa kupumzika. Ndiyo maana unaona Coaster lenye meno marefu kama jipya, lakini ubavuni pamejaa nyufa nyembamba, hasa pale ubavu unapokutana na rimu. Tairi hilo likibebeshwa mzigo saa sita mchana kwenye lami ya Garsen, hupasuka. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya kutimiza miaka mitano, na liondolewe likifika miaka kumi hata kama linapendeza. Kwa jua la pwani mimi nimejiwekea mwisho wa miaka saba.

Kwa hiyo cha kwanza kusoma dukani ni umri, bei baadaye. Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha tarakimu nne za mwisho: 3222 ni wiki ya 32 ya mwaka 2022. Mara nyingi zimeandikwa upande mmoja tu, basi mwombe muuzaji ageuze tairi. Soma kila moja, usisome la juu ukadhani yote yamefanana; katika rundo moja nilikuta tofauti ya miaka miwili. Tairi la chapa kubwa lenye miaka minne na la China lenye miezi mitano yakiwa bei karibu sawa, chukua la miezi mitano.

Mitumba kutoka Japani siipendekezi kwa gari la nyumba. Umri wake umeshaliwa, na mengi ya magari madogo ya mizigo ni ya theluji. Utayajua kwa neno STUDLESS au SNOW ubavuni, na kwa vijimkato vingi vyembamba kama vya wembe juu ya meno. Mpira wake ni laini kwa ajili ya baridi. Kwa joto letu unalika haraka, unapata moto, na gari refu linayumba mikononi. Yaliyovishwa mpira upya naweza kuyakubali nyuma kwa mwenye haja kubwa. Mbele hapana, kwa bei yoyote.

Kwenye saizi kuna mitego. Mtego wa kwanza ni tairi la 7.00-16 la mbele la trekta. Saizi ni ile ile, linaingia kwenye rimu bila shida, na ni rahisi kuliko yote dukani. Linatambulika kwa mistari mitatu minene iliyozunguka na kwa alama ya mwendo A8, yaani kilomita 40 kwa saa. Gari hili linataka angalau J, ambayo ni kilomita 100, au K ya 110. Yangu ni L, 120. Mtego wa pili ni kupanda hadi 7.50R16 kwa imani kwamba kubwa ni imara zaidi. Kimo chake ni kama milimita 805, wakati 7.00R16 ni kama 775. Spidomita itasoma pungufu, mlima utakuwa mzito, na kubwa kuliko yote, matairi pacha ya nyuma, mawili kila upande, yatagusana ubavu yakibeba mzigo. Yakigusana yanasuguana hadi nyuzi zinaonekana, na wewe huoni kitu kwa sababu ni kwa ndani. Ukikosa 7.00R16, afadhali 205/85R16, kimo milimita 755, ilimradi uweke sita zote na uhakikishe rimu inalikubali.

Pima uzito kabla ya kulipia plai nyingi. Jaza maji, dizeli na gesi, panda na watu wako, nenda kwenye mizani ya malori upime ekseli moja moja. Langu lilisoma kilo 1,720 mbele na 2,960 nyuma. Gawanya: kila la mbele linabeba 860, kila la nyuma 740. Tairi lililoandikwa namba za mzigo 117/116 linaruhusiwa kilo 1,285 likiwa peke yake na 1,250 likiwa pacha, kwa upepo wake kamili. Kwa hesabu hiyo hata plai 10 yangetosha. Nilichukua 12 kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa mapya zaidi siku hiyo, wala sidai kwamba ni lazima. Gawanya pia kulia na kushoto kama mizani inaruhusu: tangi la maji na betri vikiwa upande mmoja, tairi la upande huo ndilo la kuhesabia.

Nailoni au waya? Nailoni ni nafuu na ubavu wake unavumilia mawe, lakini huota bapa gari likisimama, na asubuhi utasikia mtetemo kilomita kadhaa za mwanzo. Pia lina joto zaidi kwenye mwendo mrefu. Kwa gari linalosimama wiki kisha linakimbia hadi Mombasa, kilomita 120, chukua la waya. Usichanganye aina hizo mbili kwenye ekseli moja.

Sasa ufungaji, ambako pesa nyingi hupotea. Rimu za gari hili zina pete ya pembeni, na tairi linatumia tubu na flapu. Tubu na flapu ziwe mpya kila unapobadilisha tairi. Tubu kuukuu imeshatanuka. Ukiitia ndani ya tairi jipya inajikunja, kunjo linakatika, na lawama linapewa tairi. Chumvi ya bahari hula rimu pale pete inapokaa, kwa hivyo mwambie fundi asugue kwa brashi ya waya mpaka chuma cheupe, apake rangi ya kuzuia kutu, asubiri ikauke. Pete iliyopinda au yenye ufa itupwe, isinyooshwe. Paka poda ndani ya tairi na juu ya tubu. Jaza upepo kidogo, hakikisha pete imekaa mduara mzima, toa upepo wote, kisha jaza tena. Kule kutoa na kurudisha ndiko kunakonyoosha tubu, na ndiko mafundi wenye haraka wanakokuruka. Wakati wa kujaza, gurudumu liwe ndani ya kizimba au limefungwa minyororo, na asiwepo mtu mbele ya pete. Pete ikiruka inaua. Asigonge mtu nyundo kwenye pete yenye upepo, hata kama anasema amezoea.

Matairi pacha yalingane. Pima mzingo kwa utepe wa fundi cherehani: tofauti isizidi milimita 19, ambayo ni milimita 6 za kimo. Ikizidi, lile refu linabeba mzigo na fupi linaburuzwa, na yote mawili yanaharibika. Valvu ya ndani ielekee kinyume cha ile ya nje, ili mkono na geji vifikie zote mbili. Valvu ya ndani iwekewe kirefusho cha chuma. Nati zikazwe kwa mtindo wa nyota, na zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100. Magari mengine ya Kijapani ya zamani yana bolti zenye herufi L upande wa kushoto, ambazo hufunguka kwa kugeuza kinyume; mwonyeshe fundi kabla hajarukia spana.

Upepo upimwe asubuhi, gari likiwa baridi. Bango la mlangoni ndilo la kuanzia, uzito uliopimwa ndio wa kuamulia. Kwa uzito wangu natia paundi 60 mbele na 55 nyuma. Fundi wa pancha kwa kawaida atajaza mpaka namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Hiyo ni ya mzigo kamili wa tairi. Kwa gari la nyumba tairi litalika katikati na kabati zitafunguka kwenye kila tuta.

Baada ya kilomita hizo 11,000, meno ya mbele yameshuka kutoka milimita 12.5 hadi 11, na yamelika sawasawa. Ubavu hauna ufa. Kasoro ninazo mbili. Mpira wake ni mgumu: kwenye lami iliyolowa mvua ya masika, breki inahitaji nafasi zaidi kuliko matairi ya Kijapani yaliyotangulia, na sitamshauri mtu apite kilomita 80 kwa saa siku ya mvua. Na tairi moja lilidai vipande vingi vya risasi vya kusawazisha hata nikalipeleka nyuma, ambako mtetemo hausikiki. Njia ya Marafa imenipa pancha moja tu, ya mwiba. Kitu cha kuogopa huko ni jiwe la matumbawe linalokwama katikati ya pacha. Simama ulitoe papo hapo kwa nondo au kamba, maana linakata yote mawili.

Anayekwenda Lamu huacha gari Mokowe, na hapo ndipo jua linapofanya kazi yake. Funika magurudumu kwa turubai au ubao, hasa upande wa magharibi. Yaoshe kwa maji na sabuni ya kawaida. Zile dawa za kung'arisha zenye mafuta ya petroli huondoa nta iliyoupanda mpira. Gari likikaa zaidi ya mwezi, lisogeze nusu mzunguko wa gurudumu. Na la akiba lililoning'inia chini lina tarehe ile ile ya wenzake na linapokea chumvi yote ya barabarani. Mimi hulishusha kila miezi sita, nalipima upepo, na kuliingiza kwenye zamu na mengine.