Kozi ya uongozi kwa masupavaiza wa supamaketi: ya thamani, ila watu wangu nusu wameachwa nje

Nianze na tarehe. Kozi inayojitangaza kuwa ya viongozi wa maduka makubwa ilipangwa Ijumaa na Jumamosi, mwisho wa mwezi. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye tili, pale wateja wanapolipia, anajua maana yake: mishahara imeingia, troli hazitoshi, unga na mafuta vikipangwa rafuni havimalizi saa. Ili nipate ruhusa ilibidi nibadilishane zamu na mwenzangu, na bado simu haikunyamaza. "Madam, sukari ya kilo mbili imeisha huku mbele, ufunguo wa stoo uko na nani?" Aliyepanga ratiba ile hajawahi kufanya kazi dukani. Nimeliandika hilo kwenye fomu yao ya maoni bila kuzunguka.

Taasisi yenyewe sitaitaja. Ni moja ya hizi za mafunzo zilizojaa katikati ya Nairobi: ukumbi uko ghorofa za juu, lifti ni ya kubahatisha. Ada ni shilingi 15,000, ndani yake chai, chakula cha mchana, kijitabu na cheti. Mimi ni supavaiza wa vyakula vikavu katika tawi kubwa upande wa Thika Road. Kampuni ililipa nusu, nusu nikatoa mwenyewe, kwa hiyo nina haki ya kusifu nusu na kulalamika nusu.

Sifa zinamwendea mwalimu wa Ijumaa. Hakutusomea slaidi. Alitusimulia jaribio la mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake, lililochapishwa mwaka 1939, la vilabu vya wavulana kule Iowa, Marekani. Watoto wa miaka kumi hivi walipewa kazi za mikono, na viongozi wao wakabadilishwa mtindo: mmoja mwenye amri tupu, mmoja wa kushauriana, mmoja wa kuwaachia wafanye watakavyo. Chini ya yule wa amri kazi ilikwenda, lakini akitoka tu chumbani, ikalegea. Chini ya yule wa kushauriana, waliendelea hata akiwa hayupo. Ukumbi mzima tukacheka kwa sababu kila mmoja alimwona meneja fulani kichwani. Kuna matawi ambayo gari la meneja likishatoka getini kwenda benki, simu zote zinatoka mifukoni.

Kisha akaja kwa Hersey na Blanchard, nadharia yao ya mwaka 1969, na hapo ndipo nilipoona shilingi zangu zinarudi. Wanasema hakuna mtindo mmoja unaofaa kila mtu. Mgeni wa kazi unamwelekeza hatua kwa hatua. Anayeanza kuelewa unamweleza sababu na kumshawishi. Anayeweza lakini anasitasita unamshirikisha. Aliyekomaa unamkabidhi na kuondoka. Mwalimu akatuambia tuandike majina ya watu wetu na tuseme kila mmoja yuko wapi. Nikagundua kwamba kwangu karibu wote wako kwenye lile kundi la kwanza. Si kwamba ni wavivu. Tunatumia vibarua wa mikataba mifupi, na kijana akishajua kwamba mchele mpya unakaa nyuma na wa zamani mbele, mkataba wake umekwisha, ameletwa mwingine. Nilimuuliza mwalimu: mtu atafikaje hatua ya kukabidhiwa kama haruhusiwi kukaa? Alinijibu kwa uaminifu kwamba hilo si swali la supavaiza, ni la makao makuu. Jibu sikulipenda, lakini hakunidanganya.

Jumamosi tulibadilishiwa mwalimu, na mambo yakapoa. Ilikuwa zamu ya uongozi wa kuleta mageuzi, yaani kiongozi kuwatia watu hamasa wafuate lengo kubwa kuliko maslahi yao, ule wa James MacGregor Burns wa mwaka 1978 ulioendelezwa na Bernard Bass mwaka 1985, na mfano wake ulikuwa Sam Walton, mwanzilishi wa maduka ya Walmart ya Marekani. Hadithi mnaijua: duka la kwanza la Walmart huko Rogers, Arkansas, mwaka 1962, mwenye mali anatembelea matawi mwenyewe, wafanyakazi wanaitwa washirika, na asubuhi kuna kupiga kelele za kuitaja kampuni herufi kwa herufi, jambo alilolichukua Korea alipozuru kiwanda mwaka 1975. Tukasimamishwa tupige kelele na sisi. Watu wazima, Jumamosi asubuhi, tunaruka. Sawa. Ila mwalimu aliruka pia kitu kimoja: mwanzoni mwa miaka ya 1970 Walton aliwaingiza wafanyakazi wa kulipwa kwa saa kwenye mpango wa mgao wa faida. Hakuwa malaika, vyama vya wafanyakazi hakutaka hata kuvisikia, lakini zile kelele zilikuwa na kitu nyuma yake. Ukichukua kelele ukaacha mgao, vijana wangu watakupigia makofi wakitazama saa.

Kipindi cha supamaketi za kwetu kilipewa muda mfupi mno, na ndicho kilichokuwa na nyama. Nakumatt ilitoka kwenye duka la magodoro Nakuru ikafika zaidi ya matawi sitini Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilifungwa mwaka 2006, ikafufuka, halafu mwaka 2015 ikafunga maduka yake ya Uganda na Tanzania. Mwalimu akasema "uongozi mbaya juu" na akataka kwenda slaidi nyingine. Mzee mmoja nyuma akanyoosha mkono. Alikuwa supavaiza katika duka lililokufa, hakusema lipi. Akaeleza jinsi wasambazaji wasiolipwa walivyoacha kuleta mali, na wao wakaagizwa kufesi, yaani kuvuta bidhaa mbele ili rafu ionekane imejaa. Ilifika wakati karatasi za chooni zilijaza kuta mbili za ujia mzima. "Kila asubuhi nawaambia vijana watabasamu," alisema. "Mteja anauliza maziwa, wewe unatabasamu."

Hapo ndipo kozi ingepaswa kutua ikae. Mtindo wa meneja wa tawi hauwezi kuleta unga ambao haujalipiwa. Basi yule aliye chini afanye nini: awaambie watu wake ukweli, au alinde jina la kampuni? Tuliambiwa tuendelee kwa sababu chakula kilikuwa tayari. (Pilau nzuri, hilo nikiri. Kachumbari ilikuwa chache.)

Lakini pengo langu kubwa ni jingine. Siku mbili nzima nadharia zote zilimchukulia kiongozi kuwa na watu wake. Njooni kwenye ujia wangu saa nne asubuhi. Anayepanga sabuni ni machandaiza, yaani mpangaji bidhaa aliyeletwa na kampuni ya sabuni. Anayepanga majani ya chai analipwa na wakala. Binti anayeonjesha juisi ameletwa na mtengenezaji wa juisi. Mlinzi mlangoni ni wa kampuni ya ulinzi, msafishaji ni wa mkandarasi. Walio kwenye orodha yangu ya mishahara, pale, pengine ni wawili. Siwezi kumpandisha cheo machandaiza, siwezi kumpa likizo, bonasi yake siijui. Bosi wake yuko kwenye simu, anataka picha ya rafu kabla ya saa sita, na anataka nafasi ambayo nimeahidi mwingine. Ninachoweza ni kumkatalia asiingie, na nikifanya hivyo rafu inabaki tupu na anayeulizwa ni mimi.

Kwa hali hiyo kuna nadharia, tena ya zamani, niliyoisoma kwenye diploma yangu: French na Raven, 1959. Walisema nguvu ya mtu juu ya mwenzake hutoka mahali tofauti: cheo, zawadi, adhabu, ujuzi, na ile ya kupendwa na kuheshimiwa. Mbele ya machandaiza cheo changu ni nusu, zawadi sina, adhabu inanirudia mwenyewe. Zinabaki mbili. Anapanga vizuri kwangu kwa sababu najua bidhaa yake inatoka siku gani na namwambia mapema aagize, na kwa sababu mama yake alipolazwa nilimtetea kwa bosi wake. Somo hili lingechukua saa moja tu. Halikuwamo hata kwenye kijitabu, ambacho, kwa njia, chote ni Kiingereza ilhali sisi tulijadiliana kwa Kiswahili tangu asubuhi.

Cheti kilikuja kwa wakati na jina langu limeandikwa sawasawa. Afisa wa wafanyakazi amekitia kwenye faili.

Meneja ameniuliza kama awapeleke wengine wawili awamu ijayo. Nimemwambia ampeleke kijana wa bekari, siku ya Ijumaa hasa. Ana timu yake mwenyewe, haibadiliki, wanaingia alfajiri, na anamsimamia mwokaji wa miaka mingi kama anavyomsimamia mgeni wa jana. Hersey na Blanchard watamsaidia. Msimamizi wa tili nimesema abaki kwanza. Pale shida ni shoti, yaani pesa kupungua kwenye tili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kumkata keshia pesa zilizopungua kwa uzembe au kukosa uaminifu, na kwetu uzembe huo haupimwi na mtu: pesa zikipungua, zinakatwa. Kabla hatujamfundisha msimamizi kushauriana na makeshia, nataka kwanza tukae tuandike nani anachunguza shoti, na keshia anajitetea wapi kabla ya mshahara kufungwa.