Sekondari ya kutwa, Tanga mjini: wazazi wanajibiwa, ila ufuatilie

Kwenye chakula, wapewe maua yao: ukimweleza mwalimu wa darasa kwamba maharage yana mawe, stoo inakaguliwa na mzazi anaitwa ashuhudie gunia likifunguliwa. Sanduku la maoni ni pambo tu. Barua isiyotaja kidato na mkondo haina pa kupelekwa, kwa hiyo vitaje, kisha andika nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Michango usibishanie getini. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa 2016, hivyo dai stakabadhi na muhtasari wa kikao kilichopitisha mchango huo. Ukikwama kwa mkuu wa shule, nenda bodi ya shule (kamati ni za shule za msingi). Kikao cha wazazi chenyewe? Hotuba ndefu, maswali dakika za majeruhi.