Yungiyungi: beseni au tope?

Mi yungiyungi la bluu, lile ua la majini, nimelipanda kwa njia zote mbili. Ukilichomeka kwenye tope chini ya bwawa linakua haraka kweli, maua kibao, ila linamwaga mbegu linaota kila kona, majani yakifunika maji yote hata samaki huwaoni, na kuling'oa mpaka uingie mwenyewe hadi kiunoni. Beseni ndo napenda zaidi, unajaza udongo mzito wa mfinyanzi, usiweke mboji maana inaelea na kuchafua maji, juu tandaza kokoto samaki wasichimbue, alafu lishushe bwawani kama sentimita 30 chini ya maji. Mbolea utaongeza mwenyewe, hapo tope limeshinda. Jua masaa 6 kote kote. Asubuhi ua likifunguka nyuki wanajazana pale katikati kwenye njano, raha sana.