Alainmenti ya nyuma ya Datsun 240Z, hatimaye gereji inayojua

Kama una 240Z na tairi za nyuma zinaliwa upande wa ndani, usikubali kuambiwa ati nyuma haiadjastiki halafu ulipishwe alainmenti (kunyoosha mwelekeo wa tairi) ya mbele tu. Ni kweli kiwandani hawakuweka adjasta huko nyuma, ndio maana gereji nyingi hapa Nairobi wanacheza na tairodi za mbele (zile fito zinazogeuza tairi), usukani unanyooka kidogo, lakini tairi za nyuma zikiangalia kando gari itatembea kama kaa tu hata ufanye nini.

Hii gereji ya Industrial Area nimeipenda kwa sababu hawakukimbilia mashine. Fundi aliingia chini kwanza na mtaimbo akasukumasukuma zile arm za nyuma (mikono ya chuma inayoshika tairi), kumbe bushi, zile raba za kwenye maungio, zimekufa zote, raba imepasuka mpaka chuma kinagonga chuma. Akaniambia, "Nikupimie nini sasa bosi, hii itabadilika ukitoka tu getini." Sawa kabisa.

Kazi yenyewe iko kwa ile pini ndefu inayoshika arm chini ya habu, wenye hizi gari mnaijua, ikishapata kutu ukiipiga nyundo inavimba kichwa na hapo umekwisha. Hawa walitoa kwanza ile loki ya katikati, wakamwagia oili ikalala usiku mzima, asubuhi wakaivuta polepole na pula ya kujitengenezea, kipande cha paipu na nati tu, ikatoka thredi zikiwa nzima!! Halafu wakaweka bushi za poli (polyurethane, plastiki ngumu kuliko raba) ambazo tundu haliko katikati, ukizungusha bushi arm inasogea, kwa hivyo tairi unairudisha iangalie mbele na ule mlalo wake pia unarekebika bila kukata chuma.

Saa hii tairi zote mbili zinaangalia ndani kidogo sana, karibu milimita moja kila upande, na kona za Limuru ukiachilia mafuta ghafla mkia hauruki tena. Gari iliyoshinda Safari Rally 1971 na 1973 isikutishe kwenye lami jamani.

Mabaya: bei imechangamka, simu hawashiki, gari lilikaa kwao kuliko tulivyokubaliana, na poli zinalia kwenye matuta ila hilo ni la poli sio lao, waambie wapake grisi ya kutosha kabla hawajafunga. Bushi pia hawaweki stoo, agiza zako mapema ndio upeleke gari.